Nusu Ada kwa Watoto wa Wafanyakazi

Vijana wa sekretarieti mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu, na mmeniletea hadi kalamu mpya, kwa hiyo sina kisingizio. Habari za vyeo sitaandika, maana nilikuwa na kimoja tu na ndicho nilichostaafu nacho. Wala za mshahara: kwa miaka mingi mshahara ulikuwa kitu cha kusimuliwa, na waliousimulia vizuri zaidi walikuwa wakubwa wa Kinshasa. Nitaandika kuhusu chumba cha uchapaji cha kitivo cha sheria, kuhusu Papa Donati aliyenifundisha kazi, na kuhusu binti yake Godelieve, aliyepewa punguzo la ada. Kila mwaka wanafunzi wanapojaa mlangoni mnaniuliza, hawa wanalalamika nini wakati wamelipa nusu? Nitajaribu kujibu hilo.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu nilivyoazima kwa dada yangu, virefu na vya kubana. Mkuu wa ofisi alinipeleka hadi mwisho wa ujia, akafungua mlango, akanisukuma ndani taratibu kama mtu anayeingiza mbuzi. Harufu ya wino na spiriti ilinipiga usoni. Kando ya mashine ya kuchapia alisimama mwanaume mfupi mwenye koti la kazi la kijivu, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Miye Donati," alisema. "Usinipe mukono, Mama. Utapeleka wino ku nyumba."

Baba yake Donati aliletwa na reli kutoka Kongolo, yeye mwenyewe akazaliwa hapa mjini, mtaa wa Kamalondo, akabatizwa, akaoa, na kuzika wazazi wake bila kuvuka barabara nyingi. Kila asubuhi alifanya ishara ya msalaba kabla ya kushika mpini wa ile roneo, mashine yetu ya kuchapia. Nilidhani ni ucha Mungu. Baadaye nilipoijua ile mashine nami nilianza kufanya hivyohivyo.

Ninyi mna kompyuta, mkikosea mnafuta. Sisi tulikuwa na stensili, karatasi ya nta. Unaondoa utepe wa taipureta ili herufi ziipige nta zenyewe na kuitoboa. Ukipiga kwa nguvu, tumbo la herufi o linadondoka na wino unamwagika kwenye tundu. Ukipiga kwa woga, neno halionekani. Ukikosea unapaka dawa nyekundu kwa kibrashi, unapuliza, unasubiri ikauke, unapiga tena juu yake. Kisha Papa Donati anaitandaza stensili kwenye pipa la mashine, anazungusha mpini, na kurasa za masomo zinaanza kutoka upande wa pili.

Ukurasa wangu wa kwanza aliurudisha akiwa ameushika kwa ncha za vidole.

"Mama Béa, hapa umeweka vendeur fasi ya acheteur. Mutoto ya bantu atafeli juu ya kidole yako."

Nilikuwa nimeandika muuzaji mahali pa mnunuzi, nikaupiga upya. Aliurudisha tena, safari hii kwa sababu ya nukta. Hakuwa amesoma zaidi ya shule ya msingi ya mapadri, na alikuwa akiniambia wazi kwamba hajui sheria inasema nini. Alichojua ni kwamba mwanafunzi hana kitu kingine cha kusomea isipokuwa karatasi zetu.

Miaka ile ya mwanzo silabusi, ndivyo tulivyoita kitabu cha masomo ya profesa, ilikuwa inagawiwa bure. Mwanafunzi alikuja na kitambulisho, akachukua, akaenda zake. Kulikuwa na basi la chuo, kulikuwa na maharagwe kantini, na wanafunzi waliandamana kwa sababu maharagwe yalikuwa na mawe. Nikikumbuka maandamano yale nacheka peke yangu.

Kisha nchi ikaanza kuanguka, na haikuanguka mara moja. Mgodi ulisimama kidogo kidogo, shimo moja, tanuru moja. Mjini maduka yaliporwa, na jirani yangu akarudi nyumbani amebeba mlango wa friji bila friji. Majirani waliozaliwa hapahapa wakaambiwa warudi Kasai, mkoa wa babu zao, na familia nzima zikalala stesheni zikingoja treni. Katika madarasa yetu viti vyao vilibaki wazi, kisha viti vyenyewe vikaibwa. Pesa ikawa makaratasi ya kubebea kwenye kapu. Watu wakaacha kuhesabu kwa noti, wakawa wanahesabu kwa meka, lile kopo la kupimia unga sokoni. Hata kiatu kilikuwa na bei yake ya meka.

Godelieve aliingia kitivo cha sheria katika hali hiyo. Nilikuwa nikimjua tangu alipokuwa akimletea baba yake chakula, msichana mrefu, mkimya, anayesoma chochote kilichoandikwa, hata maelezo kwenye kopo la wino. Na mwaka huohuo, baada ya wafanyakazi kugoma, wakubwa wa chuo wakatoa uamuzi: mtoto wa mfanyakazi atalipa nusu ya ada. Niliuchapa mimi mwenyewe. Papa Donati alisimama nyuma ya bega langu akisoma kila neno jinsi lilivyokuwa likitoboka kwenye nta.

"Nusu," alisema. "Mama Béa, andika tena ile neno, nione muzuri."

"Nikiliandika tena watalipa robo, Papa."

Alicheka hadi akakaa juu ya katoni la karatasi. Kesho yake mkewe alituletea bukari, ugali wetu, na samaki wakavu ofisini, tukala tukishangilia mwanasheria wa kwanza wa ukoo wao.

Sasa nisikilizeni vizuri. Ile nusu ilikuwa ya kweli. Aliilipa, akapewa risiti yenye mhuri, na hakuna aliyemdanganya. Ila ada ilikuwa mlango tu. Ukishaingia, maprofesa hawajalipwa na serikali tangu hujui lini, kwa hiyo wazazi wanachangia kuwatia moyo maprofesa. Mchango huo haukuwa na nusu. Chaki ililetwa na wanafunzi. Kiti ulikuja nacho kutoka nyumbani, na jioni ukarudi nacho kichwani. Karatasi ya mtihani ulinunua. Mafuta ya gari la profesa wa kutoka nje ya mji mlichanga. Kwa haya yote Papa Donati aliuza redio, kisha baiskeli, kisha cherehani ya mkewe. Kila mara alirudi kazini na maelezo: redio ilikuwa na kelele, baiskeli ilikuwa inamuumiza kiuno. Cherehani hakuieleza.

Kulikuwa na profesa mmoja ambaye hakuwa akiwauzia wanafunzi chochote. Nitamwita Bonaventure. Alifundisha sheria ya mikataba, alikuwa na suti moja ya kahawia, na aliwasomea wanafunzi masomo yake taratibu ili kila mmoja aandike kwa mkono wake. "Elimu si kitunguu," alikuwa akisema. Godelieve alimpenda. Alikuwa akikaa mbele kabisa na kiti chake cha nyumbani, na profesa mwenyewe alinisimulia kuhusu maswali yake: yule msichana, alisema, anauliza kama hakimu aliyelala vizuri.

Mwaka wa pili Profesa Bonaventure aliingia chumbani kwetu akiwa na maandishi yake ndani ya mfuko wa unga. Aliyaweka mezani kwangu na hakuyaachia.

"Mama Béa, nichapie hii."

"Ni ya kugawa, Profesa?"

Aliangalia dirishani. "Ni ya kuuza. Mutoto wangu mudogo eko ku hopitali. Bananiambia nilete kila kitu, mpaka sindano. Nifanye je?"

Niliyavuta maandishi taratibu kutoka mkononi mwake, nikaanza kuondoa utepe wa mashine.

Kabla ya kutoka alisema kuna jambo moja zaidi. Wanafunzi walikuwa wakinunua silabusi moja na kuinakili watu kumi, na mwandishi akabaki na njaa yake. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho uwe na kipande cha kukata, kuponi, mwanafunzi aandike jina lake na akirudishe kwa msaidizi wake. Asiyekuwa na kuponi asitegemee alama. Nilikichapa na hicho, na mistari midogo ya nukta pembeni ili mkasi upite vizuri.

Papa Donati alizungusha mpini siku nzima. Kazi ilipokwisha, maprofesa na wasaidizi walikuwa wakihesabu nakala wenyewe, wasije wachapaji wakaficha moja, maana mambo yalikuwa yamefika hapo. Msaidizi alihesabu, profesa akasimama kando. Papa Donati akajifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena, akasema:

"Profesa, Gode wangu eko ku auditoire yako, anasomea kwako. Bananiambia bei ya silabusi moja njo gunia ya unga. Miye sina gunia. Unipatie moja tu, na kuponi yake."

Profesa alikuwa anamjua Papa Donati tangu yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi. Alisomea karatasi za mikono ileile.

"Papa, nikikupatia, Mama Béa ataomba. Dereva ataomba. Na bale ba bibliotheki. Wote muko na batoto. Nitabakia na nini ya kupeleka ku hopitali?"

"Miye siombi ya bote. Naomba ya Gode."

"Najua."

Msaidizi alifunga nakala kwa kamba, wakatoka nazo. Papa Donati akaanza kusafisha pipa la mashine, na alilisafisha kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Kuna karatasi ambazo kila mchapaji anazo: zile zilizotoka na wino mzito, zilizochapwa mara mbili, zilizokunjamana. Tulikuwa tukiwapa wanawake wa mikate wafungie bidhaa. Safari hii tulizikusanya. Ukurasa uliokosekana niliupiga kwa mashine bila stensili, kutoka kwenye maandishi ya profesa yaliyobaki mezani. Godelieve alikuja kuzichukua, akazipanga sakafuni, akapiga magoti kati yake. Vidole vyake vikawa vyeusi kama vya baba yake.

"Mama Béa, hii page iko na maneno mbili juu ya moja."

"Soma lile la chini."

"Nasoma yote mbili," alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilimwona akitabasamu.

Aliyajua masomo yale. Mama yake aliniambia alikuwa akiyasema kwa sauti akisonga ugali, vifungu na maelezo yake, mpaka na mdogo wake akaanza kuwatisha wenzake uwanjani kwa maneno ya mikataba. Godelieve alifanya mtihani, akatoka ameinua kichwa. Kuponi hakuwa nayo, maana msaidizi alikuwa amechukua hata zile mbovu, na hilo alilijua. Lakini alikuwa akiamini kwamba profesa atasoma alichoandika, aone mwandiko, akumbuke maswali yake.

Matokeo yalisomwa uani, mbele ya watu wote, kama desturi ilivyokuwa. Jina lako likisomwa kati ya waliofaulu, jamaa zako wanakumwagia poda kichwani, wanapiga vigelegele, unakuwa mweupe kama mkate ambao haujaokwa. Papa Donati alikuja na kopo la poda kwenye mfuko wa koti lake la kazi. Alinionyesha mfuniko tu, kwa siri. Majina ya waliofaulu yakasomwa yakaisha. Kisha waliorudishwa, yaani waliofeli, na hapo ndipo tulipolisikia lake. Somo moja, la mikataba: sifuri.

Pembeni yetu watu walikuwa wakirusha poda, nyingine ikamdondokea Godelieve begani. Aliipangusa polepole. Baba yake hakuondoa mkono mfukoni.

Hapo ndipo tulipokijua kifungu cha pili cha uamuzi ule. Mimi niliyekichapa nilikuwa nimekisahau, kwa sababu siku ile tulikuwa tunatazama neno moja tu. Punguzo lilikuwa la mtoto aliyefaulu. Anayerudia mwaka analipa ada kamili. Papa Donati alikwenda kwa mkuu wa kitivo, mtu mpole aliyekuwa akiwapa wageni kiti na kubaki amesimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Aliporudi nilimuuliza amesema nini.

"Amenielezea muzuri sana," alisema Papa Donati. "Amesema règlement, ile sheria ya chuo, iko vile. Amenipa pole. Amenisindikiza mpaka ku mulango."

Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa Profesa Bonaventure, bila kumwambia Papa. Nilimkuta na jembe, amelima bustani yote ya maua na kupanda mihogo hadi ukingoni mwa barabara. Mkewe alikuwa akikaanga mikate, na karatasi aliyofungia niliitambua, kwa sababu kosa la herufi lililokuwamo lilikuwa langu. Mtoto wao alikuwa ametoka hospitali. Alikuwa amekaa ngazini, mwembamba, anatazama mafuta yakichemka.

"Najua kwa nini umekuja," alisema profesa. "Sikusoma karatasi yake, Mama Béa. Msaidizi alitenga ya bale hawana kuponi, na miye sikufungua. Kama ningefungua ningeshindwa."

"Sasa je?"

"Kuko session ya pili, mutihani ya kurudilia; akipita, hatarudia mwaka. Aandike. Nitasoma miye mwenyewe. Nakuahidi."

Niliwapelekea akina Donati ahadi hiyo kama nyama. Godelieve aliandika mtihani wa pili. Tukangoja. Siku moja msaidizi akaja ofisini kuuliza kama kuna mtu amemwona profesa. Nyumba ilikuwa imefungwa, mihogo imeng'olewa ingali michanga. Alikuwa amevuka mpaka pale Mokambo na familia yake. Tulisikia baadaye kwamba alikuwa akifundisha sekondari upande wa Zambia, na sikuweza kumchukia, maana kila mtu aliyekuwa na pa kwenda alikuwa akienda. Karatasi za mtihani hazikuonekana. Msaidizi hakuwa na haki ya kuweka alama, na aliyekuwa na haki hakuwapo. Ile sifuri ikabaki.

Papa Donati akaamua kuuza mabati ya nyumba yake ili alipe ada kamili. Katika mtaa wao watu walikuwa wameshaanza: unavua chumba kimoja, familia inahamia kingine. Alishavua ya sebule Godelieve alipopanda ngazi na kumshika mguu. Majirani walisikia. Alimwambia: "Papa, shuka. Miye ntaenda na shangazi ku Mokambo, ku biashara ya unga. Shuka, nakuomba." Baba akamjibu kutoka juu: "Mwaka moja tu, Gode. Mwaka moja." Naye akasema: "Na silabusi je? Na kuponi ya ule mwaka? Utauza nini ingine, tukilala inje?" Baba akashuka, nyundo mkononi.

Godelieve akaenda. Papa Donati akaendelea kuja kazini, akichapa silabusi za wengine pale karatasi ilipopatikana. Nilimletea makosa kwa makusudi, vendeur mahali pa acheteur, ili anikemee, lakini aliyachapa hivyohivyo. Ndipo nilipojua kwamba tumempoteza, ingawa alikuwa akitembea.

Aliugua kifuani wakati wanajeshi wa zamani walipokuwa wakikimbia na wapya wakiingia, na watu wakapunga matawi barabarani. Hospitalini waliomba glovu, sindano, maji ya mshipa, taa. Mimi na mkewe tulileta glovu. Vitu vingine tulikuwa bado tunavitafuta alipofariki. Godelieve alifika maziko yakiwa yamekwisha. Lori liliharibika njiani. Mabega yake yalikuwa yamepanuka kwa kubeba magunia, na alizungumza Kibemba na shangazi yake kama mtu aliyezaliwa huko.

Serikali mpya ilipenda matangazo. Haukupita muda mkuu mpya wa kitivo akanipa moja nilichape, na nililisoma mara mbili: waliokatiza masomo kwa sababu ya matatizo ya utawala uliopita wanaruhusiwa kurudi, na watoto wa wafanyakazi watalipa nusu, hata wanaorudia mwaka. Nilimtumia Godelieve habari kwa dereva wa lori. Alikuja. Sijui alisafiri vipi, lakini alikuja, amevaa kitenge safi, na alinikuta ujiani nikilibandika tangazo ubaoni kwa gundi ya unga.

Alilisoma kama alivyokuwa akisoma kila kitu tangu utoto, kutoka juu, bila haraka. Alipofika karibu na mwisho aliweka kidole.

"Mama Béa. Umeona hapa?"

"Wapi?"

"'Mtoto wa mfanyakazi aliye kazini.'" Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, iliyonyooka, kama ya mtu aliyesimama mbele ya mahakama: "Mufu haiko kazini. Kifungu kiko wazi. Hakuna fasi ya kubishana."

Nilimwambia nitakwenda kwa mkuu, nitaongea naye, ni mtu mpya, huenda akakubali. Alinisikiliza hadi mwisho. Alinishukuru, akaniuliza habari za miguu yangu, akakaza kitenge kiunoni, akasema lori la Mokambo linaondoka kabla ya mchana.

Kwa muda wote niliomfahamu, hayo ndiyo maoni ya kisheria pekee aliyowahi kuyatoa. Yalikuwa sahihi. Nilimtazama akienda hadi akapinda kona, kisha nikageuka, nikaendelea kulainisha tangazo kwa kiganja, maana gundi ilikuwa inaanza kukauka na pembe moja ilikuwa haijashika.